Mizaha ya Gaki, Metumi na Kabete

Msomaji, katika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nanyuki, ukishapita Karatina na kabla hujafika Naro Moru, utakuta mji mdogo uitwao Chaka. Wasafiri wengi hushuka hapo kula nyama ya kuchoma, na nyama ingali juu ya makaa mazungumzo hunoga. Keti nao usikilize. Hutaulizwa jina lako upesi. Utaulizwa utokako, na ukisha kujibu umekwisha kupewa tabia. Ukiwa mwanamume wa Nyeri, basi mkeo hukupiga. Ukiwa wa Kiambu, ungeuza hata kaburi la babu yako kama ungepata mnunuzi. Ukiwa wa Murang'a, umekuja kula ya wenzako, na fedha zako umezishona ndani ya koti. Wote hucheka, na aliyechekwa hungoja zamu yake.

Wanaochekana hivyo si wageni. Wazee waliziita nchi hizo tatu Gaki, Metumi na Kabete, na watu wake wote ni Wakikuyu, ambao hadithi ya asili yao yasema walitokana na Gikuyu na Mumbi, waliokaa Mukurwe wa Nyagathanga, katika Murang'a. Lugha yao ni moja, ingawa kila upande huona matamshi ya upande wa pili kuwa ni kichekesho. Kwa ufupi, ni wajukuu wa nyanya mmoja.

Huenda ukauliza kwa nini nakuletea maneno ya mezani katika kitabu cha insha. Nakuletea kwa sababu mizaha hii ni fasihi. Ina wahusika, ina mtindo, hurithiwa kwa mdomo. Na kitu kilicho fasihi chaweza kupimwa, kikasifiwa au kikalaumiwa.

Chukua ule wa sarafu. Husemwa kwamba Mkiambu akizirai, na watu wakashindwa kujua kama yu hai, yatosha kuangusha shilingi karibu na sikio lake. Asipofumbua macho, akazikwe. Mzaha huu umejengwa vizuri: ni mfupi, na pigo lake li katika neno la mwisho. Lakini toka nje ya nchi ya Wakikuyu, utausikia ukisimuliwa na Wakenya wengine juu ya Wakikuyu wote, wakiwamo hao wa Nyeri waliokuwa wakiucheka. Huko Uingereza nako, watu wa kusini husema watu wa Yorkshire, walio kaskazini, ni mabahili. Na Waingereza kwa jumla husema vivyo hivyo juu ya Waskoti. Vazi ni moja, huvikwa mwili huu na ule. Mzaha wa sarafu, basi, hautufundishi lolote juu ya Kiambu. Ukitaka kujua kwa nini biashara imeshamiri huko, tazama ramani: Nairobi iko mlangoni. Kisha kumbuka kwamba mashamba mengi ya Kiambu yalichukuliwa na walowezi, na asiye na shamba hana budi kutafuta riziki kwingine.

Mzaha wa mke wa Nyeri ni mzito zaidi, nao ndio ulionifanya nishike kalamu. Nafundisha katika chuo cha ualimu, na kila mwaka naona msichana wa Nyeri akisimama kujitaja mbele ya wenzake, na kabla hajamaliza kicheko kimekwisha kuanza. Yeye hucheka pia. Angefanya nini?

Mhusika huyu, mke mwenye mkono mwepesi, ametoka wapi? Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 juu ya Mlima Kenya, aliandika hadithi ya kwamba zamani wanawake ndio waliotawala, tena kwa ukali, hata wanaume wakafanya hila wakawapindua. Lakini majina ya koo yakabaki yale ya mabinti wa Mumbi. Hiyo ni hadithi ya Wakikuyu wote. Hata yule Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye katika mwezi wa Machi 1922 aliwataka wanaume wampe suruali zao ikiwa wanaogopa kumtoa Harry Thuku kifungoni, na akauawa kwa risasi mjini Nairobi, alitoka Murang'a. Kama ushujaa wa mwanamke ungekuwa mali ya wilaya moja, Murang'a ingekuwa na hati ya kuonyesha mapema.

Walakini Nyeri ina habari yake. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa 1952, wanaume wengi walikuwa msituni au kizuizini. Wanawake walihamishiwa katika vijiji vya lazima, wakajenga nyumba, wakalea watoto, wakachimbishwa handaki kando ya msitu. Muthoni wa Kirima, aliyefariki 2023, alipigana katika msitu wa Nyandarua, akatoka baada ya uhuru kupatikana. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 baada ya kupigwa na kufungwa kwa ajili ya miti. Hawa ndio wanawake ambao mzaha umewachukua, ukawapokonya msitu, handaki na miti, ukawaachia mwiko wa ugali. Kwa lugha ya darasani, mhusika wa duara amefanywa bapa. Hilo ni kosa la kifasihi kabla hata halijawa kosa la adabu.

Nalo lina majeruhi. Mwanzoni mwa 2012 magazeti na televisheni zilionyesha waume wa Nyeri waliojeruhiwa na wake zao, na chama cha Maendeleo ya Wanaume kikawataka wanaume wasusie chakula cha nyumbani. Nchi nzima ilicheka. Mtu mwenye jeraha la panga akageuka kuwa mfano wa mzaha wa zamani, na mwanamume mwingine aliyekuwa akiteswa kwake alijua sasa nini kingemngoja akienda kushitaki. Tena picha ile iliwafunika wanawake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba wanawake 34 katika kila 100 nchini Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wawe na umri wa miaka 15, na kwa walioolewa mpigaji aghalabu ni mume. Sheria ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani huwalinda mume na mke sawasawa. Mzaha haumlindi yeyote.

Je, tuache kuchekana? Hasha. Meza isiyo na utani haina ladha, nami sipendi watu wanaokunja uso kwa kila neno. Lakini tazama jinsi jirani zetu walivyoutunza utani. Katika Tanganyika, Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara hadi pwani walifanya utani na Wazaramo, na utani huo ulikuwa na deni: mtani aliyekutukana asubuhi alipaswa kukusaidia njiani, na ukifiwa alikuja kushughulika na maziko. Matusi yalilipiwa kwa kazi.

Na miongoni mwetu yuko mtu aliyejua kuutumia mzaha wa mlimani vema. Wahome Mutahi, aliyezaliwa Nyeri 1954 na kufariki 2003, aliandika kwa miaka mingi safu ya gazeti juu ya mtu aitwaye Whispers, mwana wa miteremko ya mlima, ambaye mkewe ni Thatcher. Mke huyo ni mkali, naam. Lakini anayechekwa ni Whispers mwenyewe, mlevi na mwenye majivuno, na ukali wa mkewe una sababu ambayo msomaji huiona kabla Whispers hajaiona. Mutahi alianza na nyumba yake mwenyewe. Kitabu chake kiitwacho How to Be a Kenyan kilitolewa 1996. Kikiwamo katika maktaba ya shule yenu, kiazime ukisome, kisha umtazame mwenzako wa Nyeri atakapojitaja tena darasani.