Lukwakongo: kinyago kinachoongea juu ya kufa

Kwetu Kivu na Maniema ukitamka neno kufa mbele ya mgonjwa, watu watakutazama sawa na mlozi. "Unamwitia kifo?" Lakini wazee wa Balega, wale wa Mwenga, Shabunda na Pangi, walichonga kitu cha mti ambacho kifo kimo ndani ya jina lake, na walikishika mkononi wangali wazima. Ndicho lukwakongo. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyechunguza mambo ya Balega katika miaka ya 1950, alifasiri jina hilo hivi: kifo kinakusanya.

Ni kinyago kidogo, karibu kinaenea katika kiganja. Uso umepakwa udongo mweupe, kidevuni kuna ndevu ndefu za nyuzi. Si cha kuficha uso tu. Wenyewe walikitundika kwenye uzio, walikifunga kwenye mkono ao kwenye goti, mara ingine walikikokota chini kwa ndevu zake, na kila tendo lilikuwa na msemo wake. Hakikununuliwa sokoni. Mtu alikipata alipofika cheo cha yananio katika bwami. Alipokufa, walikiweka kwa muda juu ya kaburi lake, kisha mtu wa jamaa alikilinda mpaka mwingine wa ukoo apande cheo kilekile.

Tusimame hapa kidogo. Mwenye kinyago alijua, tangu siku ya kukipokea, kwamba siku moja kitawekwa juu ya kaburi lake. Alijua vilevile kwamba kitakwenda kwa mtu wa kwao. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo nguvu ya kazi hii, kupita uzuri wa uso wake.

Katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani kinasimama peke yake ndani ya kioo, na pembeni wanaandika: mti, udongo, nyuzi. Ni kweli, lakini ni sawa na kufundisha shairi kwa kuhesabu herufi zake. Na huku kwetu? Serikali ya kikoloni ilikataza bwami katika 1948, na mpaka leo kuna wanaosema vitu hivi ni vya shetani, bila kuuliza vilifundisha nini. Wote wawili wamekinyima kinyago maneno yake.

Lakini tusiwapambe wazee kupita kiasi. Kupanda katika bwami kuliomba mali mingi na jamaa kubwa nyuma yako. Maskini hakufika kwenye yananio. Tena wazee nao, kijana akifa, walitafuta mlozi mbele ya kutafuta ugonjwa.

Hata hivyo, tulinganishe na siku hizi. Mgonjwa ana kansa. Munganga anaongea na kaka yake mkubwa kwenye baraza, mgonjwa mwenyewe anaambiwa "utapona tu". Anaona shamba linauzwa, anaona wajomba wanafika kutoka mbali, anaelewa yote, ananyamaza ili asiwaumize. Hakuna anayemuuliza: baba, unapenda kubaki hapa hospitali ao turudi nyumbani? Nani unataka kumwona? Una deni kwa nani? Maumivu yanamtesa usiku kucha, na pesa za dawa hazionekani. Pesa za sanduku na za pombe ya matanga, hizo zitaonekana.

Na maumivu yale yana dawa. Uganda, jirani yetu, shirika la Hospice Africa lilianza katika 1993 kuwapa wagonjwa morfini ya maji, inayonywewa nyumbani, kati ya watu wao. Lakini ili mtu aombe kazi ya namna hiyo, lazima kwanza jamaa ikubali kusema kwamba ugonjwa huu hautapona.

Kuna tena mambo ya urithi. Sheria ya Jamaa ya 1987 inakubali hata wosia wa mdomo: mtu anayeona kifo kiko karibu anaweza kusema mapenzi yake mbele ya mashahidi wawili watu wazima. Hauombi karatasi. Unaomba tu kwamba mgonjwa aruhusiwe kusema, na wawili wakubali kuketi na kusikiliza. Katika matanga ya mitaa yetu, ni mara chache tunasikia mtu akitaja maneno ya namna hiyo. Tunasikia hesabu ya michango, na kiisha, siku ya tatu, kelele ya ndugu wanaomwomba mjane ufunguo wa nyumba.