Mshtakiwa Asiyeitwa: Kuhusu Kuachwa kwa Rosa

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971, imezoeleka kuhakikiwa kama riwaya ya malezi. Zakaria anamzuia binti yake kwa ukali asizoeane na wavulana. Binti akipata uhuru wa shuleni na chuoni, anapotea. Hoja hiyo hatuipingi. Ila inaliruka tukio moja: Rosa anajiua baada ya Charles kuvunja uchumba, alipogundua kwamba mchumba wake si bikira.

Tuliisoma riwaya hii Goma pamoja na wanafunzi, wengine wao wazaliwa wa Masisi na Walikale. Binti mmoja wa Walikale aliuliza: mwishoni Rosa na baba yake wanashitakiana mbele ya Mungu, mbona Charles hakuitwa? Alieleza kuwa kwao, uchumba ukivunjika baada ya mbuzi kupokelewa, wazee wa pande zote mbili hukaa, na aliyeacha hutakiwa aseme sababu. Mapenzi ya chuoni hayana mali (ndivyo tuitavyo mahari huku kwetu), kwa hiyo hayana baraza. Tena vita vimezidisha: Januari 2025 M23 waliteka Goma, Machi wakaingia Walikale, na wapenzi wengine wakatenganishwa pasipo hata neno la kuagana. Anayerudi Masisi mitihani ikiwa imemshinda huulizwa na baba, na baba huulizwa na majirani. Hapo Kezilahabi ameona sawasawa, maana kesi huwaangukia wa nyumbani. Lakini kuona si sawa na kuridhia, nasi twaona kwamba baraza lake la mbinguni limeridhia upesi mno.

Lugha nayo ina sehemu yake. Wanafunzi husema "tumeachana", hata pale mmoja alipoacha na mwenziwe akaachwa. Kiambishi -an- huwagawia wawili tendo la mmoja. Riwaya haina hila hiyo. Rosa ameachwa, na msomaji anamjua aliyemwacha. Ndiyo sababu kutokuwepo kwa Charles katika sura ya mwisho kunatusumbua zaidi kuliko ukali wote wa Zakaria.

Katika zoezi la kumalizia kozi tuliwataka wanafunzi waandike maelezo ya Charles mbele ya baraza lile. Karibu wote, wasichana kwa wavulana, walimfanya aanze kwa kusema: "Tuliachana."