Mwalimu wa historia, pokea pongezi

Kumweleza mtoto wa kidato cha kwanza mambo ya mwaka 1331, saa nane mchana, tumbo lake likinguruma, si mchezo. Nampongeza mwalimu wa historia, hasa yule asiyeridhika kujaza notsi ubaoni darasa likinakili kimyakimya.

Niliwahi kumwona mmoja akiingia darasani na kipande cha sahani iliyovunjika. "Atakayekiokota hiki miaka mia saba ijayo atajua nini juu yenu?" Mikono ikanyooshwa. Tulikula wali! Tulikuwa na hela! Mama alifoka! Vicheko vikatulia, naye akawavusha hadi Kilwa Kisiwani, ambako wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyombo vya China, na sarafu za shaba za masultani wa palepale. Moja ya sarafu hizo, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilipatikana Great Zimbabwe, mbali huko bara. Ramani ikachorwa, na njia ya dhahabu ya kutoka Sofala ikaonekana. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka huo wa 1331, alipotajwa, hakuna aliyekimbilia kukariri. Mtoto mmoja alitaka kujua alilala wapi.

Kukariri miaka kuna nafasi yake, sikatai. Mtihani uko palepale.

Kama yuko mwalimu aliyekufundisha hivyo, na namba yake bado unayo, mpigie simu leo.