HexChat: msimbo uko wazi, lakini mlezi yuko wapi?

Niseme hukumu yangu mapema, sababu zifuate. HexChat ni programu nzuri sana ya kujifunzia jinsi kompyuta zinavyopokezana maneno kwenye intaneti. Na leo sikushauri uifanye tegemeo lako la kila siku. Najua hizo hukumu mbili zinaonekana kugongana, lakini twende taratibu.

HexChat ni programu huria ya kompyuta za mezani na laptopu, ya kuingilia kwenye IRC. IRC ni mfumo wa maongezi ya maandishi ulioanzishwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, mwaka 1988, yaani kabla hata ya wavuti. Unachagua seva, unajipa jina, unaingia kwenye chaneli, unaanza kuandika. Haikuulizi namba ya simu wala picha. Ukiifungua HexChat unakuta chaneli zako kushoto, majina ya waliomo kulia, maongezi katikati, na chini mahali pa kuandikia. Miradi mingi ya programu huria, Debian ikiwemo, bado ina chaneli huko, na ukiuliza swali unaweza ukajibiwa na mtu yule yule aliyeandika msimbo unaokusumbua.

Kwa msomaji wa sayansi, utamu uko kwenye dirisha moja ambalo wengi hawalifungui kabisa. Ndani ya menyu ya madirisha kuna sehemu inayoonyesha mistari ghafi inayopita kati ya kompyuta yako na seva. Andika salamu kwenye chaneli, halafu tazama kilichoondoka kwako:

PRIVMSG #maabara :Habari za asubuhi

Basi, ni hayo tu. Amri, jina la chaneli, nukta mbili, ujumbe. Kwa mujibu wa waraka wa itifaki wa mwaka 1993, mstari mzima hauzidi baiti 512, pamoja na alama mbili za kuufunga. Seva yako inaupokea na kuupitisha kwa seva jirani, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Seva hizo zimeunganishwa kama matawi ya mti, kwa hiyo kati ya seva mbili zozote kuna njia moja tu. Tawi likikatika, utaona watu kadhaa "wameondoka" kwa mpigo, kumbe wao nao wanaona wewe ndiye uliyeondoka. Kama umewahi kusinzia kwenye somo la nadharia ya grafu, hapo utaamka. Programu nyingi za kuchati za leo hazikupi nafasi ya kuchungulia hivyo.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ya IRC yenyewe, na HexChat imeirithi. Siku moja niliuliza kwenye chaneli kuhusu hitilafu iliyokuwa imenikwamisha siku mbili nzima. Kabla sijajibiwa, umeme ukakatika. Uliporudi nikaingia tena na kukuta kimya. Kama jibu lilikuja, lilipita wakati sipo, kwa sababu kwa kawaida seva za IRC hazikuwekei ujumbe. HexChat inaweza kuhifadhi maongezi kwenye diski yako kama maandishi ya kawaida, na hilo nalipenda sana, lakini haiwezi kuhifadhi kile ambacho hakikukufikia.

Watetezi wa IRC husema ni nyepesi, haili bando. Kweli kabisa. Wanachosahau ni kwamba wepesi huo unadhani mashine yako inawaka muda wote. Ipo dawa: programu kama ZNC, inayokaa kwenye seva ya mbali na kukushikia nafasi hadi urudi. Lakini hapo mwanafunzi lazima atafute seva, aijue, na pengine ailipie. Wepesi umeshapata bei.

Kasoro ya pili ni usiri. HexChat inaweza kuficha njia kati yako na seva kwa TLS, lakini ujumbe ukifika kwenye seva unasomeka. Kwa maswali ya msimbo si tatizo. Kwa data za wagonjwa au siri za wahojiwa wako, usithubutu.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. HexChat ilitokana na XChat. Mwaka 2004 toleo rasmi la XChat kwa Windows lilianza kutozwa fedha. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watu wengine walitengeneza matoleo yao ya bure, na kazi iliyoendelea kutoka humo ikapewa jina la HexChat mwaka 2012. Hapo uhuria ulifanya kazi yake. Lakini Februari 2024 likatoka toleo 2.16.2, likatangazwa kuwa la mwisho. Kazi ilikuwa imebaki mikononi mwa wachache, na hakupatikana wa kuipokea. Tena programu ilikuwa bado imejengwa juu ya GTK 2, vipande vya kuchorea madirisha na vitufe ambavyo wenyewe waliacha kuviendeleza Desemba 2020. Ni sawa na gari zima ambalo spea zake hazitengenezwi tena: leo linatembea, lakini kila safari ni ya kuombea.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 2021, wajitolea wa mtandao wa Freenode walipogombana na mmiliki, wakaondoka na kuanzisha Libera Chat. Mtumiaji wa HexChat alibadilisha anwani ya seva, akaendelea kuongea. Itifaki ya wazi ilimpa mlango wa kutokea, na msimbo wa wazi unatoa mlango kama huo. Tatizo ni kwamba leseni inampa mtu ruhusa ya kuendeleza kazi. Haimpi muda, wala mshahara, wala mwenzake wa kushika zamu.

Na hapa kidole kinatugeukia sisi wa shahada za juu. Tunaandika programu za kuchambua data, tunaziweka hadharani, tunatetea tasnifu, tunaondoka. Ndani ya tasnifu tunaandika "msimbo unapatikana kwa wote" kana kwamba kupatikana ndiyo kutunzwa.

Kwa hiyo, isakinishe HexChat, fungua lile dirisha la mistari ghafi, jifunze. Ukinogewa na IRC, hamia kwenye programu ambayo bado ina watu, kwa mfano WeeChat, hata kama sura yake ya maandishi matupu itakutisha siku za mwanzo. Na leo hii chagua programu moja huria ambayo utafiti wako umeiegemea. Angalia toleo lake la mwisho lilitoka lini, kisha hesabu ni watu wangapi wanaoifanyia kazi. Ukikuta ni mmoja, mwandikie. Si lazima ujue kuandika msimbo. Hata kumrekebishia mwongozo wa matumizi ni mzigo umemtua.