Dakika Tisa za Patti Smith

Wenzangu mnaosema roki ni kelele tu, hebu isikilizeni Horses, albamu ya kwanza ya Patti Smith, iliyotoka Marekani mwaka 1975. Dada huyu alikuwa mshairi kabla hajawa na bendi, na inasikika. Katika “Birdland” anasimulia habari za mtoto aliyefiwa na babake, zaidi ya dakika tisa. Piano ya Richard Sohl na gitaa la Lenny Kaye vinayafuata maneno. Hadithi ikipanda, navyo vinapanda.

“Redondo Beach” ndiyo sikuipenda. Msichana kajiua, lakini mdundo wa rege unatembea kana kwamba hakuna msiba.

Mie hadithi zangu huzikatakata nikihofia msomaji atachoka. Juzi, baada ya “Birdland”, nilizirudisha kurasa nne.