Matanga Yetu na Watoto wa Jaafar

Makala hii inakosoa jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kwa nia njema, nalo ni namna tunavyoendesha misiba yetu hapa Mwanza. Maneno haya yananihusu mimi kwanza. Chini ya maturubai hayo nimekaa mara nyingi, na pilau hiyo nimeila.

Tuanze na Igoma. Asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, siku za mwanzo za Muharram 1417, MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa walizidi 800, na hesabu kamili haikupatikana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuorodheshwa majina. Wengi walizikwa Igoma, hapa hapa Nyamagana, Waislamu na Wakristo. Wengine hawakuonekana kabisa. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, dua zikasomwa misikitini, kisha watu wakarudi kwenye shughuli zao. Mtoto aliyekuwa na miaka saba siku ile leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Nani alimwendea siku ya nne?

Swali hilo lilirudi tarehe 20 Septemba 2018, tena ndani ya Muharram, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu 228. (Asiseme mtu kwamba mwezi huu una nuksi, lililokuwa na kasoro ni upakiaji wa abiria.) Tunajua kwa hadithi sahihi kwamba muumini aliyekufa maji huhesabiwa katika mashahidi. Hiyo ni faraja kubwa, na masheikh wetu huisema vizuri. Lakini inazungumzia hali ya maiti. Yatima aliyebaki pale nyumbani hatumzungumzii.

Ndugu msomaji, tazama alivyofanya Mtume (s.a.w.) baada ya vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa, Mtume alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mkewe, Asmaa bint Umays, akaomba aletewe watoto. Akawakumbatia, akawanusa, macho yakamtoka machozi. Kabla mama hajaambiwa kitu, watoto walikwishakumbatiwa. Kisha akaagiza watu wa nyumba ile wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha.

Sisi tumeigeuza amri hiyo. Jirani ndiye anayekuja kula, na mfiwa ndiye anayetafuta mchele. Jarir bin Abdillah (r.a.) amepokewa akisema kwamba wao, Masahaba, walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kutengenezewa chakula huko kuwa ni sehemu ya niyaha, yaani maombolezo yaliyokatazwa. Imam Shafi, ambaye wengi wetu hapa tunafuata madhehebu yake, ameandika katika al-Umm kwamba anachukia vikao vya matanga hata kama hakuna kilio, kwa sababu vinaihuisha huzuni na kumtwisha mfiwa gharama.

Hapa kwenye gharama tusipite haraka. Mtu akifa, mali yake hutolewa kwanza gharama za maziko, halafu madeni, halafu wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi. Karamu ya arobaini haimo katika maziko. Ikiwa miongoni mwa warithi kuna mtoto ambaye hajabaleghe, hakuna ami wala mjomba mwenye haki ya kuchinja ng'ombe kwa fungu lake, na ridhaa ya mtoto haizingatiwi kisheria hata akisema ndiyo. Aya ya kumi ya Suratun-Nisaa inajulikana na kila imamu, tena tunaisoma tunapowasema walezi wanaodhulumu. Sijasikia ikisomwa karamu ikiwa jikoni. Na daftari la rambirambi je? Waliochanga walikusudia kuwasaidia wafiwa. Kamati inapomaliza fedha yote kwa turubai, viti na mapishi, imepoteza amana ya watu wawili, aliyetoa na yatima.

Kosa la pili ni kumficha mtoto. Anapelekwa kwa jirani, anaambiwa baba amesafiri. Huo ni uongo, na mtoto ataujua. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa bado kijana mdogo aliposwali nyuma ya Mtume kwenye kaburi la mtu aliyezikwa usiku; Imam Bukhari ameiweka habari hiyo chini ya mlango wa safu za watoto katika swala ya jeneza. Na kwa kauli sahihi zaidi ya Mashafi, mtoto mwenye kupambanua akimswalia maiti, faradhi inaanguka kwa wengine. Basi vipi anayetosha kumswalia baba yake asitoshe kuambiwa kwamba baba amekufa? Kwa familia ambazo maiti yao ilibaki ziwani, wapo wanazuoni wa madhehebu yetu wanaoruhusu swala ya ghaibu. Mtoto asimame safuni, ajue mzazi wake ameswaliwa ingawa hana kaburi la kuzuru.

Akilia, tunamkemea: mwanamume halii. Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Abu Umayr, mdogo wake Anas, alipofiwa na kindege chake tu, Mtume alimuulizia habari zake kwa upole.

Najua watakaojibu kwamba taazia ni siku tatu, na kuzidisha ni makuruhu. Ni kweli, Imam Nawawi amelieleza hilo, na sababu yake ni kutoihuisha huzuni. Kumlea yatima ni mlango mwingine. Rudini kwenye habari ya Jaafar. Mtume aliwaacha jamaa zake siku tatu, kisha akaja akawakataza kulia zaidi, akaita watoto. Abdullah bin Jaafar amesimulia kwamba waliletwa kama vifaranga. Akaitwa kinyozi, wakanyolewa. Mama yao alipotaja uyatima wao, Mtume akamjibu kwamba yeye ndiye walii wao, na akamwombea Abdullah baraka katika biashara yake. Siku ile ambayo sisi tunakunja turubai ndiyo aliyomwita kinyozi.