Walezi Wasio na Sura

Mtoto wa fisi maji wa baharini hawezi kuzama hata akitaka. Manyoya anayozaliwa nayo yamejaa hewa, nayo humwelesha kama kizibo, na mama yake hulitegemea hilo. Humwacha juu ya maji, pengine amemviringishia mwani mrefu asichukuliwe na mkondo, kisha huzamia kutafuta kaa na kome. Akiibuka humlaza kifuani, humlamba na kumpulizia hewa manyoyani. Kazi hiyo haina likizo, kwa sababu mnyama huyu hana tabaka la mafuta chini ya ngozi kama nyangumi au sili. Kinga yake dhidi ya baridi ya Pasifiki ni manyoya tu, ambayo kwa mkubwa hufika hadi nywele milioni moja katika inchi moja ya mraba. Maji yakipenya mpaka ngozini, mtoto hana muda mrefu wa kuishi.

Ndugu zake wa maji baridi tunawajua sisi, maana wavuvi wa Ziwa Victoria huwakuta wakiwaibia samaki nyavuni. Huyu wa California makazi yake ni baharini. Dhoruba ikivuma, au papa akimng'ata mama, mtoto hutupwa ufukweni akilia kwa sauti nyembamba inayofika mbali. Tangu mwaka 1984, ilipofunguliwa Monterey Bay Aquarium, nyumba ya maonyesho ya viumbe wa baharini huko California, wako watu waliojifunza kuitikia kilio hicho, na kazi yao ndiyo ninayotaka kuisifu.

Kwanza hutafuta mama. Asipopatikana, huanza ulezi wa mchana na usiku: kila baada ya saa chache, chupa yenye uji wa ngisi na chaza waliosagwa, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe peke yake hayamfai. Kisha taulo, kitana, na mashine ya kukaushia nywele. Manyoya huchambuliwa kwa vidole, sehemu baada ya sehemu, hadi hewa irudi ndani yake, na akichafuka kazi huanza upya. Mwenye pupa hawezi kazi hii.

Lakini ugumu wenyewe hauko kwenye chupa wala kwenye kitana. Miaka ya mwanzo walezi hao walifanya lile ambalo moyo wa mtu yeyote ungemtuma kufanya. Waliwapakata watoto, waliwachezesha, walivaa nguo za kuogelea na kuingia nao ghubani wakawafundisha kupiga mbizi. Watoto wakakua, wakawa na afya, wakaachiliwa. Kisha baadhi yao wakaanza kuwafuata watu: wakawaendea wapiga mbizi, wakapanda juu ya mitumbwi ya watalii. Fisi maji mkubwa ana meno ya kuvunja magamba ya kaa, kwa hiyo urafiki wake na binadamu una hatari kwa pande zote mbili. Rosa alikuwa mmoja wao. Aliokolewa mwaka 1999 akiwa kichanga, akaachiliwa, akaishi huru kwa takriban miaka miwili, kisha ikabidi arudishwe kwa sababu hakuacha kuwasogelea watu. Upendo ule ule uliomponya ulikuwa umemnyima bahari.

Hapo ndipo ulezi huu ulipogeuka kuwa ufundi ninaoustaajabia. Mlezi siku hizi huingia amevaa joho jeusi linaloficha umbo la mwili, glavu, na usoni ngao ya giza ya fundi wa kuchomelea vyuma. Hana macho, hana tabasamu. Hazungumzi na mtoto. Mtoto anayetarajiwa kurudi baharini hapewi hata jina, hupewa namba. Kuzaa si kazi, walisema wahenga, kazi ni kulea. Na katika kulea huku, sehemu nzito kuliko zote ni kujinyima. Mtoto analia, wewe uko hapo hapo, una mikono na una kifua, nawe unajizuia usiwe mama yake. Unampa kila kitu isipokuwa nafsi yako. Sijui kazi nyingi zinazomdai mtu hivyo.

Umama huachiwa anayeuweza. Mwaka 2001 aliletwa Toola, jike mwenye kifafa kilichomzuia kurudi baharini. Alijifungua mtoto mfu. Siku zile zile akaletwa yatima wa ufukweni, na walezi wakathubutu kumweka mbele yake. Toola akampokea. Kabla ya kufa mwaka 2012 alikuwa amelea yatima 13. Rosa naye, yule aliyeharibiwa na ukaribu wa watu, akawa mama wa kambo wa watoto 15 kabla ya kufa mwaka 2024. Majike hawa huwafundisha wanafunzi wao yale ambayo mtu aliyevaa ngao hawezi: kuweka jiwe kifuani na kupasulia kome juu yake, kumgeuza kaa bila kubanwa, kuyatunza manyoya yao wenyewe.

Wapo wanaouliza kama mnyama mmoja anastahili gharama yote hii. Swali ni la haki, na jibu lake liko Elkhorn Slough, mkono wa bahari ulio katikati ya Ghuba ya Monterey. Wafanyabiashara wa ngozi waliwawinda fisi maji wa California mpaka wakadhaniwa wametoweka, na kundi la wapatao 50 lilipoonekana karibu na Big Sur mwaka 1938 ilikuwa habari kubwa. Leo wako kama 3,000. Kati ya mwaka 2002 na 2016 vijana 37 waliolelewa na mama wa kambo waliachiliwa Elkhorn Slough. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba walidumu sawa na waliozaliwa huru, na kwamba wao na wazao wao walichangia zaidi ya nusu ya ongezeko la fisi maji mahali hapo. Nao walipoongezeka, kaa wakapungua; kaa walipopungua, konokono wadogo wanaosafisha majani ya baharini wakaongezeka, na majani yakastawi upya.

Hata baada ya kuachiliwa, kijana hatupwi. Ana kifaa cha redio tumboni, na watu husimama ufukweni na darubini kuangalia kama anakula. Akidhoofika hukamatwa, hurudishwa, hunenepeshwa, hujaribiwa tena. Majike wenye moyo wa kulea ni wachache kuliko yatima, kwa hiyo Monterey imewafundisha watu wa mahali pengine kazi hii, na sasa huko Long Beach, kusini zaidi, kuna walezi wanaovaa joho jeusi na ngao wakati wa kuwanyonyesha yatima kwa chupa.